Mali Bila Daftari: Ni Nani Anayesimamia Hesabu ya Mama na Mtoto?

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Magadi, akiisha kuupita mji wa Kiserian, hupanda mpaka mahali panapoitwa Kona Baridi. Jina lasadifu mahali. Upepo wa milima ya Ngong huvuma hapo bila kizuizi, na mbele ya macho Bonde la Ufa huporomoka hadi nchi kavu yenye joto. Kutoka hapo kwenda chini ni nchi ya wafugaji wa Kimaasai, ambako boma na boma zi mbalimbali, maji huchotwa mbali, na zahanati kwa familia nyingi ni safari ya miguu ya saa kadhaa. Upande mwingine wa kaunti hiyohiyo ya Kajiado uko mji wa Kitengela, wenye majumba ya ghorofa, hospitali za kibinafsi, na bodaboda za usiku na mchana. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 1,117,840 katika kaunti hiyo, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita 21,000 za mraba.

Tukiambiwa kwamba akina mama wa Kajiado wanajifungua vyema kuliko zamani, basi, yatupasa kuuliza: mama yupi? Wa ghorofani Kitengela, au wa boma lililoko bondeni chini ya Kona Baridi? Wastani wa kaunti huwachanganya wote wawili katika tarakimu moja, na yule mnyonge hufichika nyuma ya mwenziwe aliye na nafuu.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama mali yapotea hivyo, roho za mama na watoto wachanga zapotea vipi? Wiki hii tumependa kuizungumzia kazi ambayo familia nyingi hazioni ikifanywa, ingawa matokeo yake huingia katika kila nyumba yenye mzazi: kazi ya kusimamia utafiti na tathmini ya miradi ya afya ya mama na mtoto. Tutaanza na nchi ya Wamaasai, kisha tuteremke hadi kwetu pwani na visiwani.

Kitovu cha mtoto na swali la msimamizi

Pepopunda ya watoto wachanga ni maradhi ya kutisha. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, navyo huingia mwilini kwa njia ya kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kilichopakwa kitu kisicho safi. Mtoto aliyezaliwa mzima, akanyonya siku mbili tatu, ghafla hushindwa kufunua kinywa, mwili hukakamaa, na wengi hawafiki arubaini.

Katika jamii ya Wamaasai ilikuwako desturi ya kupaka kinyesi cha ng'ombe juu ya kitovu. Tusiharakishe kuwacheka. Kwa watu ambao ng'ombe ni riziki, ni heshima na ni mahari, jambo hilo halikuwa uchafu. Kuanzia mwaka 1981 shirika la ICROSS lilifanya kazi ya elimu ya afya miongoni mwa Wamaasai wa Kenya na Tanzania, likitumia watu wa jamii hiyo wenyewe na maneno yanayokubalika kwao, ili mila hiyo ibadilike bila watu kuvunjiwa heshima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la tiba la Lancet. Katika maeneo yaliyofikiwa na elimu hiyo, vifo vya pepopunda ya watoto wachanga vilikuwa 0.75 kwa kila vizazi 1,000 kwa mwaka. Katika maeneo ya kulinganisha vilikuwa 82 kwa kila vizazi 1,000, yaani karibu mtoto mmoja katika kila kumi na wawili.

Msomaji ataona hapo ushindi, na ni haki yake. Lakini tofauti kubwa namna hii humzidishia msimamizi wa utafiti maswali. Je, maeneo yote mawili yalifanana kwa umbali wa zahanati, kwa chanjo, kwa ukame? Je, vifo vilihesabiwa kwa bidii ileile pande zote? Nani aliyeamua kwamba mtoto fulani alifariki kwa pepopunda na si kwa maradhi mengine, ilhali hakuna daktari aliyemwona? Katika jamii nyingi mtoto aliyefariki kabla ya kupewa jina hatajwi tena, na mama akiulizwa ana watoto wangapi huwataja walio hai tu. Karani asiyejua kuuliza kwa upole atarudi na daftari lisilo na vifo, na wakubwa wa mradi watashangilia. Ndiyo maana watafiti wana utaratibu wa kumhoji mzazi kwa makini juu ya dalili za siku za mwisho za mtoto, swali baada ya swali, kisha majibu hupitiwa na watu wengine ambao hawakuwapo kwenye mahojiano.

Maji ya juani

Mfano wa pili watoka Kajiado kwenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland, akiwamo mtaalamu wa takwimu Ronan Conroy, pamoja na wenzao wa ICROSS, waliuliza swali rahisi: je, maji machafu yakitiwa katika chupa ya plastiki iliyo wazi kwa mwanga na kuwekwa juu ya paa yapigwe na jua, yatampunguzia mtoto kuhara?

Walichukua watoto 206 wa Kimaasai wenye umri wa miaka 5 hadi 16. Nyumba ziligawanywa moja baada ya nyingine: hii chupa zake zianikwe juani, ile inayofuata chupa zake zikae ndani. Wazee wa jamii waliofunzwa waliwauliza akina mama kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa wiki 12. Habari ilichapishwa mwaka 1996. Katika vipindi hivyo sita vya wiki mbilimbili, watoto wa chupa za juani waliharisha katika vipindi 4.1 kwa wastani, na wenzao katika vipindi 4.5. Tofauti ni ndogo lakini ilikuwa ya kweli, na kuhara kukali pia kulipungua.

Kisha kikaja kipindupindu, na mradi ulikuwa bado una daftari lake la nyumba za juani na nyumba za kulinganisha. Katika familia 131 za eneo kuu la utafiti, watoto 3 tu kati ya 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji ya juani walipata kipindupindu. Upande wa pili waliugua 20 kati ya 144. Kwa watu wazima na watoto wakubwa haikuonekana tofauti ya kutegemewa, na watafiti waliliandika hilo pia katika ripoti yao ya mwaka 2001, bila kulificha.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza: lau daftari lisingetunzwa vyema kabla ya maradhi kuja, kipindupindu kingepita na hakuna ambaye angejua kwamba chupa na jua viliwakinga wadogo. La pili: mwaminifu huandika yaliyofaulu na yasiyofaulu kwa wino uleule.

Siku utafiti uliposimamishwa Pemba

Tuvuke sasa bahari. Mwaka 2002 ulianza Pemba utafiti mkubwa juu ya madini ya chuma kwa watoto wadogo. Upungufu wa damu ulikuwa mwingi, na ilidhaniwa kwamba kumpa kila mtoto madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku kungeokoa maisha. Watoto 24,076 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waliandikishwa katika makundi yaliyolinganishwa. Watu waliowapa dawa na wazazi waliopokea hawakujua ni mtoto gani anapata nini. Waliojua walikuwa wachache, na jopo huru la wataalamu lilikuwa likizitazama hesabu huku kazi ikiendelea.

Mwezi Agosti 2003 jopo hilo likashauri watoto wasiendelee kupewa madini ya chuma. Hesabu zilionyesha kwamba waliopewa chuma na foliki walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufariki au kulazwa hospitali kwa maradhi mazito, katika kisiwa ambacho wakati huo malaria ilikuwa imeenea mno. Utafiti mdogo ndani ya ule mkubwa ulionyesha kwamba watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Habari ilipochapishwa mwaka 2006, ushauri wa kimataifa juu ya kuwapa watoto wote chuma katika nchi zenye malaria ulitazamwa upya.

Tafadhali asije mama mjamzito akaacha vidonge vyake vya kliniki kwa kusoma haya. Vidonge vya mjamzito ni habari nyingine, navyo vyafaa. Tunachotaka kionekane ni thamani ya usimamizi. Nia ya mradi ilikuwa njema na dawa ilikuwa ya kawaida, madukani imejaa. Wala hakuna mzazi mmoja ambaye angeweza kuligundua tatizo akiwa nyumbani kwake, kwa kuwa mtoto mmoja akiugua husemwa ni kudura tu. Ni hesabu ya watoto maelfu, ikitazamwa na watu wasio na maslahi katika matokeo, iliyoweza kuona. Na jopo lilipoona halikungoja mradi umalizike ili ripoti ipendeze.

Pemba ilifundisha tena kuhusu kitovu. Utafiti katika nchi za Asia ya Kusini ulikuwa umeonyesha kwamba kukipaka kitovu dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini kulipunguza vifo vya wachanga. Je, na kwetu? Kuanzia mwaka 2011 hadi 2014 watoto wachanga 36,911 wa Pemba waliingizwa katika utafiti. Wengine wakipakwa dawa hiyo, wengine kitovu kikiachwa kikavu na safi. Vifo vilikuwa 10.5 kwa kila 1,000 upande wa dawa na 11.7 upande wa kitovu kikavu, tofauti ambayo kwa kanuni za takwimu haitoshi kusema dawa ndiyo iliyookoa. Lililofaa kwa jirani lilihitaji kupimwa upya kwetu, na lilipopimwa jibu likawa jingine.

Kipimo kilipotoka machoni kikaingia mkononi

Msifikiri kwamba tafiti huleta habari za kukataza tu. Huko Kilifi, utafiti wa vyandarua vilivyotiwa dawa ulioripotiwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi 59 vilipungua kwa asilimia 33. Chandarua kinachoning'inia leo juu ya kitanda cha mzazi wa Malindi au Kwale kina deni kwa familia zile zilizokubali kuhesabiwa.

Na ya karibuni zaidi ni ya kuvuja damu baada ya kujifungua, muuaji mkubwa wa akina mama duniani. Kwa miaka mingi mkunga alikadiria damu kwa jicho, na jicho hudanganya. Katika utafiti uliofanywa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2023, zaidi ya wanawake 210,000 walihusika. Chini ya mzazi ilitandikwa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa alama za kupimia, na damu ikifika kiwango cha hatari, wauguzi walitoa huduma zote kwa mkupuo mmoja: kusugua tumbo la uzazi, dawa za kulikaza, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipani, na uchunguzi wa chanzo. Kuvuja damu kukali, upasuaji wake au kifo kutokana nako kulipungua kwa asilimia 60. Kumbe sehemu ya vifo vile ilitokana na kutopima.

Takwimu zinapopendeza kupita kiasi

Tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Kenya ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, na baadaye mpango ukaitwa Linda Mama. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vizazi 62 katika kila 100 vilihudumiwa na mtaalamu. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 89. Alhamdulillahi, ni hatua kubwa. Lakini katika chunguzi hizohizo, vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilikuwa 22 kwa kila 1,000 mwaka 2014, na 21 mwaka 2022. Akina mama wameitika wito, wamekwenda hospitali. Watoto wachanga nao wanafariki karibu kama zamani.

Hapo ndipo tathmini inapopata maana. Mradi uliopimwa kwa idadi ya wanaoingia mlangoni utajiita umefaulu. Mradi uliopimwa kwa wanaotoka wakiwa hai, mama na mwanawe, utaendelea kuuliza: je, kuna oksijeni, kuna joto kwa njiti, kuna muuguzi wa usiku? Mwenye kuchagua kipimo ameshachagua nusu ya jibu.

Kazi ya msimamizi, siku baada ya siku

Katika kaunti kama Kajiado msimamizi wa tathmini huanza kabla ya mradi, kwa kupima hali ilivyo, maana asiyejua alipoanzia hatajua alipofika. Huwafunza makarani kuuliza kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, na huwapeleka wanawake kwa wanawake, kwa kuwa yako mambo ambayo mama hatamwambia mwanamume. Wakiisha kupita, yeye au msaidizi wake hurudi bila taarifa katika baadhi ya nyumba kuuliza maswali machache tena, ili ajue kama karani alifika kweli au alijaza fomu chini ya mti.

Huchukua pia daftari la wazazi la zahanati, akahesabu vizazi vya mwezi mstari kwa mstari, kisha akalinganisha na jumla iliyotumwa kwenye mfumo wa taarifa za afya ambao Kenya imeutumia nchi nzima tangu mwaka 2011. Hulinganisha na madaftari ya wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Tarakimu zikiachana huuliza kwa nini, bila kumtisha mtu, kwa sababu muuguzi aliyetishwa hujifunza kuandika yanayopendeza.

Shida kubwa ya nchi ya wafugaji ni kuhama. Ukame ukija, boma huvunjwa na watu hufuata malisho. Mama aliyeandikishwa akiwa mjamzito haonekani tena. Msimamizi mvivu humwondoa katika hesabu. Aliye mwaminifu humtafuta, kwani huenda waliohama ndio waliopata mashaka zaidi.

Siku wakibisha hodi kwenu

Familia zetu za pwani nazo huombwa kushiriki katika tafiti, na Kilifi imekuwa makao ya kituo mashuhuri cha utafiti tangu mwaka 1989. Hatusemi kila mgeni akubaliwe, wala kila mgeni afukuzwe. Twasema aulizwe, na aulizwe na mama mwenyewe. Mume na mama mkwe washauri bila kumjibia.

Aulizwe: Utafiti huu umepewa kibali na tume ya taifa ya sayansi na na kamati ya maadili? Kiko wapi? Mtachukua nini kwangu au kwa mwanangu, maneno tu au na damu? Nikikataa leo, au nikijitoa kesho, nitaendelea kutibiwa kama kawaida? Jibu la swali hilo lapaswa kuwa ndiyo. Jina langu litaonwa na nani? Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019. Naweza kuulizwa na mwanamke mwenzangu? Nikiwa na malalamiko nimwendee nani? Na mkimaliza, mtarudi kutuambia mlichokiona? Swali hili la mwisho husahauliwa, ilhali ni haki ya kila aliyetoa muda wake na siri zake.

Akiisha kuridhika, mama aseme kweli. Amtaje na yule aliyefariki siku ya tatu, hata kama kumtaja ni uchungu, kwa sababu kifo kisichotajwa hakiwezi kumkinga mtoto mwingine. Na katika yale yaliyo mikononi mwetu wenyewe: kijitabu cha kliniki kitunzwe kama hati ya nyumba, kizazi kiandikishwe kabla ya miezi sita kupita, na kifo nacho kiandikishwe, hata cha mchanga. Ushahidi ni amana, na siku mkono wa karani unapoandika jina la mama wa bondeni chini ya Kona Baridi au la mama wa Pemba, umeshika amana ya watu ambao hatawaona tena. Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu na wana wao, na awape waandishi wa hesabu zao ukweli.